Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone? Historia ya Spishi Asilia na Spishi Ngeni katika Kisiwa cha St Helena tangu 1502

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya spishi asilia na spishi ngeni katika kisiwa cha St Helena tangu kilipofikiwa na Wareno mwaka 1502. Maelezo yaliyozoeleka hudai kwamba misitu ya kisiwa hicho iliangamia kwa sababu watu hawakuyatambua madhara ya mbuzi na ya ukataji wa miti hadi maji yalipokwisha kumwagika. Makala yanayapinga maelezo hayo. Kwa kufuatilia mbuzi, mpingo, kitani na mbawakawa mmoja mdogo aliyetolewa Kenya, yanaonesha kwamba madhara yalijulikana mapema, na kwamba kilichoamua spishi ipi ibaki na ipi iachwe ife kilikuwa hesabu ya faida, ambayo mara nyingi ilifanyiwa mbali na kisiwa. Makala yanahitimisha kwamba ugeni wa spishi pekee haumwambii mwanahistoria mengi. Cha kuuliza ni nani aliileta, kwa faida ya nani, na nani aliibeba hasara.

1.0 Utangulizi

St Helena ni kisiwa cha volkano katika Bahari ya Atlantiki ya Kusini. Kina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 122, na kiko karibu kilomita 1,900 kutoka pwani ya kusini-magharibi mwa Afrika. Nchi kavu iliyo karibu nacho zaidi ni kisiwa kingine kidogo, Ascension, ambacho nacho kiko umbali wa zaidi ya kilomita 1,000. Msomaji wa Kiswahili huenda amelisikia jina la St Helena katika habari za uhamisho. Huko ndiko Napoleon alikofungwa kuanzia 1815 hadi alipofariki mwaka 1821. Na huko ndiko Waingereza walikompeleka Sayyid Khalid bin Barghash wa Zanzibar, baada ya kumkamata wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Kwa watawala, umbali wa kisiwa hicho ulikuwa ukuta wa gereza. Kwa mimea na wadudu wake, umbali huohuo ulikuwa kinga iliyodumu kwa mamilioni ya miaka, na historia inayosimuliwa hapa ni ya kuvunjwa kwa kinga hiyo.

1.1 Istilahi na suala la majina

Katika makala haya, spishi asilia ni ile iliyofika kisiwani bila msaada wa binadamu. Spishi ya pekee ni ile ya asili ambayo haipatikani penginepo duniani. Spishi ngeni ni ile iliyoletwa na binadamu, kwa kukusudia au kwa bahati mbaya; na ikienea hadi kuzidhuru nyingine, huitwa spishi vamizi.

Majina ya miti yenyewe yanahitaji maelezo. Walowezi wa Kiingereza waliita miti waliyoikuta kwa majina ya miti waliyoijua kwingine: mpingo, mzeituni, mti mwekundu, mkabichi. Majina hayo yanapotosha. Kilichoitwa mpingo si ndugu wa mpingo wa Afrika Mashariki unaochongwa vinyago. Kwa uainishaji wa kisasa umo katika familia moja na mbuyu, pamba na bamia. Kilichoitwa mzeituni kimo katika familia ya mkunazi. Mti uliotoa gundi, ambao hapa tutauita mgundi, umo katika familia ya alizeti, nao ni mfano wa jinsi ukoo wa mimea midogo unavyoweza kugeuka miti mahali ambapo hakuna miti mingine ya kushindana nayo. Majina hayo yaliandika matumizi badala ya nasaba: huu una ubao mweusi, huu una gundi, huu unafanana na kitu tunachokila. Kwa hiyo, tangu siku ya kupewa jina, mti wa St Helena ulikwisha kuwekwa katika daftari la bidhaa. Makala yanayatumia majina hayo kwa kuwa ndiyo yaliyomo katika kumbukumbu, na yanamwomba msomaji akumbuke kasoro yake.

2.0 Kisiwa kabla ya 1502

St Helena haikuwahi kuungana na bara lolote. Kila mbegu, buibui na ndege wa kwanza alifika kwa upepo, kwa mkondo wa bahari au kwa mabawa. Wanyama wanyonyeshao wa nchi kavu hawakufika, wala vyura, wala mijusi. Waliofanikiwa kufika walibadilika polepole hadi wakawa spishi za pekee: zaidi ya 40 za mimea, na zaidi ya 400 za wadudu, konokono na viumbe wengine wasio na uti wa mgongo. Miongoni mwao alikuwamo mdudu mwenye koleo mkiani, Labidura herculeana, aliyezidi sentimita 8 kwa urefu. Walikuwamo pia ndege wasioruka. Ndege wa pekee wa nchi kavu aliyesalia leo ni mmoja tu, mdogo mwenye miguu mirefu myembamba, ambaye wakazi humwita wirebird, yaani ndege wa waya.

Uoto ulipangika kwa kimo. Kwenye miteremko mikavu ya chini kulikuwa na vichaka vinavyostahimili chumvi na jua. Katikati palitanda misitu ya migundi, na mkubwa kuliko yote uliitwa Msitu Mkuu, upande wa kaskazini-mashariki. Juu kabisa, kwenye vilele vinavyozidi mita 800, mikabichi na makangaga yenye vimo vya miti yalikinga ukungu na kuugeuza matone ya maji yaliyolisha vijito. Mimea hiyo haikuwa imewahi kukutana na mnyama mwenye meno ya kutafuna majani, na haikuwa na kinga dhidi yake.

3.0 Mbuzi na hesabu ya Kampuni

3.1 Kisiwa kama ghala la meli

Wareno waliokifikia kisiwa mwaka 1502 hawakuanzisha koloni. Waliacha mbuzi na nguruwe, wakapanda miti ya matunda, ili meli zinazorudi kutoka Bahari ya Hindi zipate nyama, maji na tiba ya kiseyeye. Mkazi wa kwanza anayejulikana, Fernão Lopes, alikuwa askari aliyekatwa viungo huko Goa kwa kosa la usaliti; aliishi kisiwani kwa miaka mingi akitunza mifugo na bustani. Mwingereza Thomas Cavendish alipofika mwaka 1588 aliwakuta mbuzi wakiwa maelfu. Mwaka 1659 Kampuni ya India ya Mashariki ya Waingereza ilikitwaa kisiwa na kuleta walowezi, na kisha watumwa, wengi wao kutoka Bukini.

Inafaa kueleza namna mbuzi anavyoua msitu, kwa sababu namna hiyo imezaa makosa katika uandishi wa historia. Mbuzi hauangushi mti mkubwa. Hula miche. Msitu wenye mbuzi unaweza kuonekana mzima kwa karne nzima au zaidi, kwa kuwa miti iliyokwisha kukua inaendelea kuishi. Lakini chini yake hakuna kizazi kinachochipuka. Miti mikongwe inapofikia ukomo wake, huanguka karibu kwa pamoja, na msitu huonekana kama umetoweka ghafla.

Mbuzi hakufanya kazi hiyo peke yake. Magome ya mti mwekundu na ya mpingo yalitumika kutengenezea ngozi, na watengenezaji walibambua sehemu ya chini ya shina tu, wakauacha mti ufe ukiwa umesimama. Mpingo ulichomewa chokaa ya kujengea ngome. Kuni nyingi ziliishia pia kwenye mitambo ya kutengenezea pombe ya viazi.

3.2 Madhara yalijulikana lini?

Maelezo yaliyoenea zaidi yanatokana na Charles Darwin, aliyezuru St Helena mwezi Julai 1836. Yeye alitegemea dondoo za kumbukumbu za kisiwa zilizochapishwa mwaka 1816 na Alexander Beatson, aliyekuwa gavana kuanzia 1808 hadi 1813. Kwa mujibu wa mfululizo huo, mbuzi waliletwa 1502. Mwaka 1709 palikuwa na miti mingi iliyokufa eneo la Sandy Bay. Mwaka 1724 miti mikongwe ilikuwa imekwisha kuanguka. Na mwaka 1731, baada ya madhara kukamilika, ikatolewa amri ya kuwaua wanyama wanaozurura. Darwin aliongeza kwamba kati ya aina 746 za mimea zilizokuwa zimeorodheshwa, 52 tu zilikuwa za asili. Aliona pia magamba ya konokono waliokwisha kutoweka, akahusisha kutoweka kwao na kupotea kwa misitu.

Darwin alikuwa sahihi kuhusu mbuzi. Tatizo liko katika namna wasomaji wake walivyoielewa amri ya 1731: kana kwamba watu walilala kwa karne mbili, wakaamka wamechelewa. Kumbukumbu zenyewe zinasema vingine. Gavana John Roberts, aliyetawala kuanzia 1708 hadi 1711, alikwisha kulalamikia uharibifu wa mpingo na uzembe wa wabambuaji wa magome. Hiyo ni zaidi ya miaka 20 kabla ya amri ya kuwaua mbuzi.

Ushahidi mzito zaidi unatoka mwaka 1745. Baada ya taarifa kutoka kisiwani kwamba mbuzi walikuwa wanaiharibu mipingo iliyosalia, wakurugenzi wa Kampuni walijibu kwamba mbuzi wasiangamizwe, kwa kuwa wana manufaa kuliko mpingo. Jibu hilo linatufunga sisi wanahistoria. Kama chanzo cha maangamizi kingekuwa ujinga, lisingeandikwa. Wakurugenzi waliarifiwa, walivilinganisha vitu viwili, wakachagua kimoja.

Haki inataka tukiri kwamba, kwa vigezo vyao, hesabu hiyo haikuwa ya kipumbavu. Mbuzi alikuwa nyama kwa mabaharia, mali kwa walowezi na kitoweo kwa wasio na kingine. Mpingo uliosalia ulikuwa mdogo na umejikunja mwambani. Lakini daftari lililotumika halikuwa na safu ya kuandikia udongo uliosombwa, vijito vilivyopungua, wala mti usioweza kuagizwa tena kutoka popote. Aina moja ya mpingo, Trochetiopsis melanoxylon, ilitoweka kabisa duniani. Sehemu kubwa ya miteremko ya chini imebaki hadi leo majabali na udongo mtupu.

4.0 Mchwa na kitani

Spishi ngeni haziji zote kwa mwaliko. Kuanzia 1840 Waingereza walileta St Helena meli za watumwa zilizokamatwa na wanamaji wao. Zaidi ya Waafrika 25,000 walishushwa kisiwani katika miongo iliyofuata, na maelfu yao walizikwa katika bonde la Rupert. Meli zenyewe zilivunjwavunjwa na mbao zake kutumiwa. Kwa maelezo ya John Charles Melliss, aliyechapisha kitabu kikubwa juu ya kisiwa hicho mwaka 1875, mchwa waliingia kupitia mbao za meli mojawapo iliyokuwa ya biashara ya Brazili. Kufikia miaka ya 1860 walikuwa wamekula sehemu kubwa ya majengo ya mji wa Jamestown, pamoja na vitabu. Biashara ya watumwa, hata ilipokuwa inazimwa, iliacha kisiwani makaburi ya watu na mdudu aliyesafiri nao.

Kitani cha New Zealand, Phormium tenax, kiliingia kwa njia tofauti. Mfereji wa Suez ulipofunguliwa mwaka 1869, meli zilizokuwa zikipita St Helena zilipungua, na uchumi wa kisiwa ukadhoofika. Kiwanda cha kwanza cha kitani kilianza mwaka 1874 na hakikudumu. Serikali iliifufua shughuli hiyo mwaka 1907, na safari hii ikashika: kwa zaidi ya nusu karne kitani kikawa tegemeo kuu la ajira. Ili kukipanda, misitu ya ukungu kwenye miinuko, iliyokuwa imesalimika kutokana na mbuzi, ilifyekwa. Kisha, mwaka 1966, viwanda vilifungwa. Posta ya Uingereza, mnunuzi muhimu wa kamba za kufungia vifurushi, ilikuwa imegeukia nyuzi za viwandani.

Msomaji wa Tanzania hatakosa kuona ulinganifu. Mkonge, ambao nao ni mgeni, uliletwa Tanganyika mwaka 1893 na Richard Hindorf, na mashamba yake yalitikiswa na nyuzi hizohizo katika miaka hiyohiyo ya 1960. Mkonge, hata hivyo, ulikuwa na ardhi kubwa ya kusinyaa ndani yake. St Helena haikuwa nayo. Kitani kilichoachwa bila mvunaji kiliendelea kujieneza vileleni, kikitia giza ardhi ambamo mbegu za makangaga na mikabichi zingeota. Ajira iliondoka na mmea ukabaki. Gharama ya kuung'oa iliachiwa wakazi, ambao hawakuhusishwa katika uamuzi wa posta iliyo mbali nao. Hifadhi ya Taifa ya Diana's Peak ilipotangazwa mwaka 1996, kuondoa kitani kilikuwa mojawapo ya kazi zake za msingi.

5.0 Miti iliyosalia mwambani

Mwaka 1977 George Benjamin, mkazi wa kisiwa, aliugundua mzeituni mmoja, Nesiota elliptica, spishi iliyodhaniwa kuwa imekwisha tangu karne ya 19. Mwaka 1980, katika msafara pamoja na mtaalamu wa mimea Quentin Cronk, aliiona mipingo miwili imejishika kwenye jabali lisilofikika na mbuzi. Vipandikizi vilichukuliwa, na leo mpingo huo, Trochetiopsis ebenus, umepandwa kwa maelfu. Wote ni uzao wa mimea hiyo miwili.

Mzeituni haukuwa na bahati hiyo. Mti uliobaki peke yake haukuweza kujichavusha vema, na vipandikizi vyake vilishambuliwa na kuvu. Mti wa porini ulikufa mwaka 1994. Mche wa mwisho uliokuwa ukitunzwa ulikufa Desemba 2003, na spishi, pamoja na jenasi yake nzima, ikatoweka. Mti mwekundu nao haupo tena porini, na iliyopo bustanini ni dhaifu kwa sababu asili yake yote ni mti mmoja.

Matukio haya yanabainisha tofauti kati ya kuokoa na kurejesha. Spishi inaweza kuhesabiwa kuwa hai huku imekwisha kupoteza uanuai uliokuwa ukiiwezesha kuishi. Deni la 1745 liliendelea kudaiwa hadi 2003, na waliolilipa hawakuwa wale waliolikopa.

6.0 Mgeni kutoka Kenya

Mgundi, Commidendrum robustum, ambao ni mti wa taifa wa St Helena, ulikabiliwa na hatari mpya mwaka 1991. Mdudu-gamba aitwaye Orthezia insignis, mwenye asili ya Amerika ya tropiki, alikuwa ameingia kisiwani na kuanza kufyonza utomvu wa migundi ya Peak Dale, eneo lenye mabaki makubwa zaidi ya msitu huo. Kufikia 1993 zaidi ya miti 100 ilikuwa imekufa, na kila dalili ilionesha kwamba iliyosalia ingefuata.

Suluhisho lilitoka Afrika Mashariki. Mbawakawa mdogo, Hyperaspis pantherina, mwenye asili ya Mexico, alikuwa ameingizwa Kenya katikati ya karne ya 20 ili kumdhibiti Orthezia huyohuyo aliyekuwa akishambulia mijakaranda, ambayo nayo ni miti ya kuja kutoka Amerika ya Kusini. Mbawakawa hao walichukuliwa Kenya, wakazalishwa na kuchunguzwa Uingereza, kisha wakaachiwa St Helena mwaka 1993. Kufikia 1995 wadudu-gamba walikuwa wamepungua sana, na migundi ikaacha kufa.

Mti wa pekee wa kisiwa cha Atlantiki uliokolewa na mdudu wa Mexico aliyefika kwa njia ya Kenya. Kwa mtazamo unaogawa viumbe kuwa wenyeji wema na wageni waovu, tukio hili halielezeki. Linaelezeka tukiuliza namna ugeni ulivyoandaliwa. Kabla ya mbawakawa kuachiwa iliulizwa anakula nini, hali ni nini, na nini kitatokea chakula chake kikipungua. Mbuzi wa 1502 hakuulizwa swali lolote ila moja: ananona au hanoni.

7.0 Hitimisho

Makala haya yamejenga hoja tatu. Kwanza, kuangamia kwa misitu ya St Helena hakuelezwi kikamilifu na ujinga wa watu wa kale. Taarifa zilikuwapo tangu mwanzoni mwa karne ya 18, na jibu la 1745 linathibitisha kwamba zilipokelewa. Pili, mbuzi na kitani vilitofautiana kwa umbo na kwa karne, lakini vyote viliamuliwa na mahitaji ya mbali, na hasara ya vyote viwili ilibaki kisiwani. Tatu, ugeni peke yake si hatia.

Hoja ya tatu ina uzito wa pekee kwa wanaoishi St Helena. Kisiwa hicho hakikuwa na binadamu wa asili. Wakazi wake wa leo ni wajukuu wa walowezi, askari, watumwa na vibarua kutoka Ulaya, Afrika na Asia. Lugha ya uhifadhi inayomtukuza wa asili na kumlaani wa kuja, isipotumiwa kwa uangalifu, humgeuza kila mkazi kuwa mvamizi. Historia inaonesha kinyume chake: waliouona mpingo jabalini, waliochukua vipandikizi, na tangu mwaka 2000 wanaopanda upya migundi mahali ulipokuwa Msitu Mkuu, ni watu hao wa kuja waliokwisha kuwa wenyeji.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hiyo huchukulia kuwa mwenyeji yupo mlangoni na anaweza kusema karibu, au kukataa. Mwaka 1502 wenyeji wa St Helena walikuwa miti, konokono na ndege wasioruka, na mlango haukuwa na wa kuulinda. Utafiti wa visiwa vyetu wenyewe, kuanzia Pemba hadi Rubondo katika Ziwa Viktoria ambako sokwe na tembo walipelekwa na binadamu katika karne ya 20, unaweza kuanzia katika swali hilohilo: nani alikuwa mlangoni, na daftari lilikuwa mikononi mwa nani.